Kilwa Kisiwani na Sarafu Zilizo Chini ya Udongo

Wasomaji wetu watukufu, tunapowasomesha vijana taarikhi ya Uislamu huwatajia Baghdad na Damascus, Cairo na Qurtuba, na hayo ni mema. Lakini hutokea kijana akahitimu chuoni akiyajua majina ya miji hiyo yote, wala hajui ya kuwa katika pwani yake mwenyewe palikuwa na mji wa Kiislamu uliopiga sarafu zake wenyewe, zenye jina la mfalme upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu upande wa pili. Mji huo ni Kilwa. Kwa sababu hiyo tulikata shauri kuwachukua vijana saba wa chuo chetu, wale waliokwisha kuhitimu Kurani, twende nao wakauone kwa macho yao.

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko siku hizi si safari ya taabu. Zamani mto Rufiji ulikuwa kizuizi kikubwa, na wasafiri walingoja pantoni kwa saa nyingi. Tangu mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja la Mkapa, basi lapita juu ya maji bila ya kusimama. Ukifika Nangurukuru njia hugawanyika, ya kulia ikaendelea Lindi na ya kushoto ikashuka baharini hadi Kilwa Masoko. Huko msafiri huchukua kibali katika afisi inayosimamia magofu, kwani haijuzu kuvuka kisiwani kuyazuru pasipo ruhusa.

Njiani kijana mmoja alituuliza suali ambalo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Alisema, "Maalim, nimeona katika simu picha za watu wa Ulaya wanaotembea mashambani na chombo mfano wa fimbo yenye sahani chini yake. Kikilia, huchimba, wakatoa sarafu za kale. Lau tungalikuwa nacho sisi tukaenda nacho Kilwa, si tungalirudi matajiri? Na mali hiyo ingalikuwa halali yetu?"

Wenzake walicheka, lakini sisi hatukucheka, kwani suali lilikuwa na uzito. Tulimwambia, "Mwanangu, subiri kwanza uione Kilwa yenyewe. Kisha tutakujibu."

Tulivuka kwa mashua asubuhi, na upepo ulikuwa mzuri. Jengo la kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyo karibu na maji, ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 walipouteka mji, na Waarabu wa Omani wakaja kuijenga upya baadaye. Ukiiacha hiyo ukaingia ndani kidogo, waufikia Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11, na ile kubwa yenye nguzo na kuba iliongezwa katika karne ya 14, zama za Sultani Al-Hassan bin Sulaiman. Vijana wetu walipoingia humo hakuna aliyewaambia wanyamaze, walinyamaza wenyewe. Upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa, kasri ya sultani huyo, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane.

Sultani Al-Hassan ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Msafiri huyo ameandika kuwa watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Ameeleza pia ya kuwa alikuwa akiitenga khumusi, yaani sehemu moja katika tano ya ngawira, akaitumia katika njia zilizotajwa na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Tunawaomba wasomaji walihifadhi neno hili la khumusi, kwani tutalirudia.

Mzee aliyekuwa akituongoza, mwenyeji wa kisiwani, alitupitisha katika njia nyembamba nyuma ya msikiti. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Kijana mmoja aliinama ghafula akanyosha mkono, na mzee akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, usiiokote bado. Itazameni hapo hapo ilipo."

Kilikuwa kipande cha shaba kilichogeuka rangi ya kijani, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Mzee alituambia ya kuwa kila baada ya mvua kubwa hutokea vipande kama hivyo katika njia na ufukoni. Vijana walipiga magoti wakakizunguka. Mmoja akasema, "Hii ni ain." Mwingine akasema, "Na hii ni lamu, kisha yaa." Wakasoma pamoja: Ali. Kisha, kwa kubahatisha herufi zilizolika, wakasoma: bin Al-Hassan. Wasomaji wetu, hatuwezi kuieleza furaha tuliyoiona nyusoni mwao. Herufi walizozisoma utotoni juu ya mbao za chuo ndizo zilizowafungulia maneno yaliyoandikwa na Waislamu wenzao karne nyingi nyuma.

Mzee alichukua kijikaratasi, akaandika mahali kilipoonekana na hatua ngapi kutoka ukutani, kisha akakifunga kipande hicho ili akipeleke afisini. Yule kijana wa suali alimwuliza, "Babu, kwa nini uandike mahali? Si sarafu ndiyo yenye thamani?" Mzee akamjibu, "Sarafu ni mdomo, mjukuu wangu. Mahali ndiyo maneno yake."

Jawabu hilo lilitutosha sisi, lakini kwa ajili ya vijana yafaa lifafanuliwe, na tuanze na chombo chenyewe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko bara hukiita detekta. Ndani ya ile sahani ya chini kuna nyaya zilizosokotwa, na umeme unaopita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoshuka ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na madini, huamsha ndani yake umeme mdogo ambao nao hurudisha nguvu yake juu, na chombo kikilia. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule mashuhuri kwa habari ya simu, alijaribu kuitafuta risasi mwilini mwake kwa chombo cha namna hiyo, lakini hakufaulu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, afisa wa Poland aitwaye Józef Kosacki alitengeneza kilichotumika kutafutia mabomu yaliyozikwa, kikaokoa roho za askari huko El Alamein mwaka 1942. Basi chombo chenyewe hakina dhambi. Ni kama kisu, hukata mkate na hukata mkono.

Lakini tuijue na kasoro yake. Sarafu moja iliyo chini zaidi ya kadiri ya shubiri, vyombo vingi vya kawaida haviisikii. Na kinacholilia si dhahabu peke yake, hulilia msumari, kizibo cha soda na kipande cha bati. Zaidi ya hayo hakisikii chochote kisichokuwa madini: kigae cha Kichina, ushanga, mfupa, kokwa ya tende, jivu la jiko, sakafu ya chokaa. Mwenye kuifuata sauti yake kwa jembe huyavunja hayo yote ili atoe msumari. Na hayo ndiyo yanayotuambia watu wa Kilwa walikula nini, walifanya biashara na nani, na nyumba zao zilijengwa lini.

Tutoe mifano mitatu ya sarafu za pwani yetu. Wa kwanza ni wa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 palipatikana huko akiba ya vipande zaidi ya 2,000 vya fedha vyenye majina ya watawala wa pwani, Ali bin Al-Hassan akiwa miongoni mwao. Sarafu hizo hazina mwaka hata mmoja. Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Kifatimi, nazo huandikwa mwaka. Iliyo ya mwisho kabisa ilipigwa mwaka 1066. Kwa hiyo wataalamu walijua ya kuwa akiba hiyo ilizikwa wakati huo au baada yake, wakapata dalili ya kuwa zile sarafu za fedha nazo ni za karne ya 11. Sasa fikirini, lau angaliiona kwanza mtu mwenye pupa, akazitoa zile dhahabu akamwuzia sonara aziyayushe, akaiacha fedha. Angalipata pesa za miezi michache, na sisi tungaliikosa taarikhi ya karne nzima.

Mfano wa pili ni wa kipande kimoja tu cha shaba, chenye jina la Al-Hassan bin Sulaiman, kilichopatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Thamani yake sokoni zama hizo ilikuwa ndogo mno. Lakini kwa kuwa yajulikana kilikopatikana, kimekuwa shahidi wa biashara iliyoziunganisha Kilwa na nchi ya dhahabu iliyo mbali bara.

Mfano wa tatu ni wa ajabu zaidi, nao ni wa Australia. Mwaka 1944 askari mmoja aitwaye Maurie Isenberg, aliyewekwa kulinda katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano zilikuwa za Kilwa. Alizitia katika mkebe, akaziweka miaka mingi, hata mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zichunguzwe. Wataalamu walistaajabu. Nani aliyezifikisha huko, naye alikuwa Mswahili, Mreno, Mholanzi au mvuvi wa visiwa vya Mashariki? Yule askari aliweka alama katika ramani kuonyesha mahali, na mwaka 2013 kundi la wataalamu likaenda kuchunguza, lakini fumbo halikufumbuliwa. Hatumlaumu, kwani alikuwa vitani wala hakuijua thamani yake. Lakini tazameni tofauti: kipande kimoja cha Zimbabwe chasema, na vipande vitano vya Wessel ni mabubu.

Na kwa kuwa kijana wetu aliwataja watu wa Ulaya, tutazame na kwao, kwani huko wamo wema na wamo waovu. Mwezi wa Novemba mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne nchini Uingereza, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Rafiki yake Eric Lawes, mzee aliyestaafu, akaja na detekta yake kumtafutia. Badala ya nyundo aliona vijiko vya fedha na sarafu za dhahabu za Warumi. Alichimba kidogo, kisha akajizuia, akaarifu wenye amri. Wataalamu walikuja, wakayakuta mengine yangali yamepangwa kama yalivyowekwa na mwenyewe, na hata alama za sanduku lililooza zikaonekana. Sarafu zilikuwa karibu 15,000. Mzee huyo alilipwa tuzo ya pauni 1,750,000, akagawana na mkulima, na nyundo nayo ilipatikana, nayo imewekwa katika jumba la makumbusho la London.

Mwaka 2015, katika jimbo la Herefordshire la nchi hiyo hiyo, watu wawili walipata akiba ya zama za wafalme wa kale. Hao hawakuarifu. Waliziuza kwa siri, moja huku na mbili kule, hata walipokamatwa nyingi zilikuwa zimekwisha potea. Mwaka 2019 walihukumiwa kifungo. Kwa sheria ya nchi yao, lau wangalisema kweli, wangaliweza kupata tuzo kubwa ya halali. Waliitaka yote, wakaishia gerezani.

Sasa turejee kwa suali la kijana: je, ni halali? Kwanza, sheria ya nchi. Katika Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yahifadhi vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, wala haimruhusu mtu kuvichimba pasipo leseni, na mwenye kuviona yampasa kuarifu. Kenya nayo ina sheria yake ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Amri za namna hii ni za maslaha ya wote, hazimwamrishi mtu maasi, na Muislamu hana udhuru wa kuzivunja.

Pili, sharia yetu. Wako wasemao, "Mtume, rehema na amani zimshukie, ameeleza ya kuwa katika hazina iliyozikwa mna khumusi. Basi nitatoa moja katika tano, na nne zilizobaki ni zangu." Maneno haya ni nusu ya elimu, na nusu ya elimu huweza kudhuru kuliko ujinga. Maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafii wameeleza ya kuwa hiyo hazina ya khumusi, iitwayo rikazi, ni ile ya watu wa Jahiliya, iliyozikwa kabla ya Uislamu, nayo ina masharti yake ya ardhi na ya kiwango. Ama hazina yenye alama ya Uislamu, kama jina la mfalme wa Kiislamu, hiyo si rikazi. Mwenyewe akijulikana hurudishiwa, na asipojulikana hukumu yake ni ya lukata, yaani kitu kilichookotwa. Na mwenye kuokota ni mwenye amana. Wajibu wake ni kukihifadhi na kukitangaza.

Basi itazameni ile sarafu ya njiani. Upande mmoja pana jina la Ali bin Al-Hassan, na upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mola. Ni Uislamu pande zote mbili! Yawaje mtu aihesabu kuwa mali ya Jahiliya? Na akisema mtu, "Mwenye kutangaza mwaka mzima huruhusiwa kuimiliki," tutamwuliza, "Wewe umeitangaza wapi?" Mwenye kuchimba usiku kwa taa iliyofunikwa, akamwuzia mgeni kwa siri, hakutangaza hata siku moja. Wala ardhi ile si yake. Kisha, katika magofu ya Kilwa yamo makaburi ya masultani na ya watu wa kawaida. Nani kati yetu angeridhika kaburi la babu yake lifukuliwe kwa sababu chombo kimelia?

Yako na madhara ya majengo yenyewe. Kuta za Kilwa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimesimama kwa karne nyingi zikipigwa na mvua na chumvi, na bahari nayo yaula ufuko. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ikayaandika katika orodha ya yaliyo hatarini. Kwa kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kuzuia bahari, ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki, mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo. Kila shimo la siri chini ya msingi ni kuibomoa kazi hiyo.

Enyi wazazi, waambieni watoto wenu maneno machache haya. Mtoto akiona sarafu, kigae chenye nakshi au ushanga wa kale, asichimbe. Asiisugue sarafu kwa mchanga wala kwa ndimu ili ing'are, kwani herufi hutoka pamoja na kutu. Aweke alama ya mahali, na aende kumwarifu mtu mzima, mwenyekiti wa kijiji au afisi ya mambo ya kale. Nanyi vijana mnaokitamani chombo kile, jueni ya kuwa wako wanaokitumia kwa ruhusa na kwa elimu, wakipima kila hatua na kuandika kila kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu hiyo, nayo yawahitaji watu wanaojua kusoma herufi za Kiarabu. Yasikitisha kuwa sarafu za babu zetu zikisomwa, aghalabu husomwa na wageni waliokuja kuzijifunza herufi hizo ukubwani, hali ya kuwa watoto wetu wazijua tangu umri wa miaka sita, wala hawakuambiwa ya kuwa zina kazi hiyo.

Yule kijana, tulipomaliza kumjibu tukiwa tumeketi kivulini mwa mbuyu, alikaa kimya kisha akasema, "Basi, Maalim, tajiri ni yule anayeweza kuisoma." Tukamwambia, "Na akaiacha mahali pake hata ije iandikwe." Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu wa amana tulizoachiwa, za dhahiri na zilizo chini ya udongo. Wabillahi tawfiki.